Obierika Alisema Lini?



Nimeombwa nizungumzie mvutano wa marafiki wawili katika riwaya mashuhuri, nami nimechagua wawili ambao ukiwasoma harakaharaka utasema hawakuwahi kugombana. Hawakushikana mashati, hawakununiana, hawakugombea mwanamke wala shamba. Mmoja anaitwa Okonkwo na mwingine Obierika, watu wa Umuofia katika nchi ya Waigbo, na kitabu ni Things Fall Apart cha Chinua Achebe, kilichochapishwa London mwaka 1958. Huku kwetu wapo waliokisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo.   

Tulipokuwa shuleni tuliambiwa kwamba Okonkwo ni mtu wa nguvu na Obierika ni mtu wa busara. Mwalimu alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika hasira, panga, woga wa kuitwa dhaifu. Upande wa pili akaandika fikra, upole, maswali. Mgawanyo ule ulitufaulisha mitihani, kwa hiyo siubezi. Ubaya wake ni kwamba ulimgeuza Obierika kuwa ratili ya kumpimia mwenzake, na ratili yenyewe hakuna aliyekumbuka kuipima. Mimi nataka nimpime Obierika. Nadai kwamba katika Umuofia nzima hakuna aliyeona mambo kwa uwazi kama yeye, na kwamba karibu kila mara alichokiona alikisema mambo yakiwa yamekwisha kuharibika.

Tuanze na Ikemefuna, maana ufa ulianzia kwake. Mke wa mtu wa Umuofia aliuawa sokoni Mbaino. Ili kukwepa vita, watu wa Mbaino wakatoa fidia ya msichana mmoja na mvulana mmoja wa miaka kumi na mitano. Mvulana ndiye Ikemefuna. Alikabidhiwa kwa Okonkwo amtunze kwa muda, muda ukawa miaka mitatu. Akazoeana na Nwoye, mtoto wa kwanza wa Okonkwo, kama ndugu wa tumbo moja, na akawa anamwita Okonkwo baba. Kisha Mzimu wa Milima na Mapango ukaamua kwamba auawe.

Mzee Ezeudu alikuja nyumbani kwa Okonkwo, akamtoa nje, akamwonya kwamba kijana yule anamwita baba, asitie mkono wake katika kifo chake. Kesho yake wazee wa vijiji vyote tisa wakaja kuweka mambo sawa. Keshokutwa msafara ukaondoka, Ikemefuna akiwa amejitwika chungu cha tembo kichwani, ameambiwa anarudishwa kwao. Njiani Okonkwo alikuwa amebaki nyuma ya msafara. Mtu mmoja alipoinua panga, yeye akageuza uso. Kijana akapigwa, chungu kikaanguka na kuvunjika, akamkimbilia Okonkwo akilia kwamba baba, wameniua. Na Okonkwo akachomoa panga lake akammaliza, kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Achebe anaitaja sababu hiyo waziwazi, hatuachii nafasi ya kubuni nyingine.

Ninawaomba mtazame zile siku mbili kati ya onyo la mzee na safari. Obierika aliitwa katika msafara ule akakataa. Kitabu hakituambii Okonkwo alijua lini kwamba rafiki yake hatakwenda. Tunachojua ni kwamba katika zile siku mbili hatumwoni Obierika akivuka kwenda kwa Okonkwo. Wala hatumwoni Okonkwo akienda kwa Obierika. Mtu anayekuita baba atauawa, na rafiki yako mkubwa hafiki kwako hata kwa kisingizio cha kuomba ugoro.

Mtaniambia: angefika angesaidia nini? Ezeudu alifika na hakusikilizwa, na Ezeudu alikuwa shujaa wa vita enzi zake. Ni hoja nzuri, ila inasahau kitu. Mzee haogopi tena kuitwa mwoga. Muda wake wa kupimwa ulishapita, na Okonkwo anajua hivyo. Okonkwo hakuwa na haja ya mzee wa kumkataza. Alikuwa na haja ya mwanaume wa makamo yake, mwenye cheo kama yeye, ambaye hakuna mtu Umuofia angethubutu kumwita mwoga, aseme kwa kinywa chake kwamba yeye haendi. Baba yake Okonkwo, Unoka, alikuwa mpiga filimbi na mkopaji, akafa na madeni bila cheo hata kimoja. Mtoto akaishi maisha yake yote akilikimbia jina la baba yake. Kwa mtu wa namna hiyo, kubaki nyumbani ni kuwa Unoka. Ushahidi kwamba mtu anaweza kubaki nyumbani na bado akawa mwanaume ulikuwepo Umuofia. Ulikuwa umekaa kwa Obierika.

Sasa twende siku ya tatu baada ya mauaji. Siku mbili Okonkwo hajala, amekuwa akinywa tembo tu. Siku ya tatu anapata nguvu, anaondoka kwenda kwa rafiki yake. Anamkuta Obierika chini ya mchungwa akishona makuti ya mwale. Wanasalimiana, wanaingia ndani, Obierika anapangusa mchanga ulioganda mapajani, na anamwambia kwamba alikuwa anakuja kwake, pindi tu akimaliza lile kuti. Okonkwo anauliza kama kuna heri. Obierika anajibu kwamba mchumba wa binti yake Akueke anakuja leo kupatana mahari, naye anamtaka Okonkwo awepo.

Nimesoma ukurasa huu mara nyingi na kila mara nakwama pale pale. Alikuwa anakuja, lakini akimaliza kuti. Na alichokuwa anakuja nacho ni habari ya mahari. Kijana aliyekuwa akicheza na watoto wa mtaa ule amekatwakatwa msituni siku tatu zilizopita, na aliyemmaliza ni rafiki yake. Obierika, mtu mwenye fikra, ana makuti mkononi na harusi kinywani. Simlaumu kwa harusi, maisha hayasubiri. Nasema tu kwamba asingeulizwa, hatuna uhakika kama angesema.

Aliyefungua kidonda ni Okonkwo mwenyewe, na namna alivyokifungua inafaa itazamwe kwa karibu. Kwanza wanamsifu Maduka, mtoto wa Obierika, aliyeshinda mieleka. Okonkwo anaugua moyoni, maana Nwoye hafanani na Maduka. Anasema Nwoye ana mama yake mwingi mno ndani yake. Obierika anawaza kimoyomoyo kwamba aliye mwingi ndani ya Nwoye ni babu yake. Anawaza, hasemi. Na Achebe anatuambia kwamba wazo lilelile lilimpitia Okonkwo pia. Yaani Unoka ameingia chumbani, wote wawili wamemwona, na wote wawili wamejifanya hawakumwona. Okonkwo anamfukuza mzimu wa baba yake kwa kukumbuka ushujaa wake wa karibuni. Ushujaa wa karibuni ndio ule wa msituni. Ndipo anapogeuka na kumuuliza mwenzake kwa nini alikataa kwenda nao kumuua yule kijana.

Kwa maoni yangu hapa ndipo Achebe alipoonyesha ufundi wake wote. Mabishano makubwa ya marafiki hawa yalizaliwa na neno ambalo Obierika hakulisema.

Obierika anajibu kwa ukali kwamba hakwenda kwa kuwa hakutaka, alikuwa na kazi bora zaidi. Okonkwo anamtuhumu kwamba anatilia shaka amri ya Mzimu. Hapana, anasema mwenzake, Mzimu haukumtuma yeye kuitekeleza. Okonkwo anasema lazima awepo wa kutekeleza, tukiogopa damu wote itakuwaje? Obierika anamkumbusha kwamba anamjua vizuri, kwamba yeye haogopi damu. Kisha anamwambia lile zito: alichokifanya hakitamfurahisha Ani, mungu wa kike wa ardhi, na ni kitendo cha aina inayofuta ukoo mzima. Okonkwo anajitetea kwa methali, na methali yake ni nzuri kuliko hoja yake. Obierika anamalizia kwamba Mzimu ukiamuru mtoto wake auawe, yeye hatabisha, wala hatakuwa mwuaji.

Kila neno la Obierika hapo ni sahihi. Ukali wake ni wa haki. Na kila neno limechelewa siku tatu. Angelisema kabla, lingekuwa shauri; baada ya damu kumwagika limekuwa hukumu, na Okonkwo hakumwendea rafiki yake kutafuta hakimu. Alikwenda kwa sababu hakuweza kulala.

Linalofuata ni la ajabu kuliko ugomvi wenyewe: ugomvi haufuatwi na kitu. Anaingia mtu na habari ya mzee aliyekufa na mkewe akamfuata siku hiyohiyo. Wanaingia katika mazungumzo ya kugema. Obierika anajutia cheo alichopewa, maana kinamkataza mwenye nacho kupanda mti mrefu wa tembo huku kikimruhusu kugema mfupi akiwa amesimama chini. Anaicheka sheria hiyo. Okonkwo anasema sheria ya nchi ifuatwe. Obierika anasema hajui hata wameitoa wapi. Kisha Okonkwo anakwenda kugema yake na kurudi, anamkuta mchumba na jamaa zake wameshafika, tembo linamiminwa, na mahari yanapatanwa kwa fungu la njiti za ufagio. Posa inaanza na njiti thelathini, upande wa pili unarudisha kumi na tano, wanaongeza kumi, mpaka wanakubaliana mifuko ishirini ya kauri. Okonkwo yumo kwenye majadiliano hayo kama ndugu. Wanaume hawa wana utaratibu wa kutoa na kurudisha njiti mpaka wakubaliane bei ya binti, na hawana utaratibu wowote wa kulirudia suala la mtoto aliyekufa.

Nakuja kwenye mapacha, na hapa najua nitawaudhi wapenzi wa Obierika. Muda unapita kidogo, Ezeudu anakufa. Katika maziko yake bunduki ya Okonkwo inalipuka na kumwua mtoto wa marehemu, kijana wa miaka kumi na sita. Ni bahati mbaya, lakini ni kosa kwa ardhi, na adhabu ni miaka saba ya uhamisho. Usiku ule Okonkwo anakimbilia Mbanta kwa wajomba zake. Alfajiri umati wa watu wa mtaa wa Ezeudu, wamevaa mavazi ya vita, unavamia boma lake, unachoma nyumba, unabomoa kuta nyekundu, unaua mifugo, unateketeza ghala. Achebe anatuambia hawakuwa na chuki mioyoni mwao, walikuwa wakiisafisha ardhi. Na anatuambia Obierika alikuwa miongoni mwao.

Baadaye Obierika anaketi katika nyumba yake na kuhuzunika. Anajiuliza kwa nini mtu ateseke kiasi kile kwa kosa asilolikusudia. Hapati jibu. Swali linamwongoza kwenye swali jingine: anawakumbuka watoto mapacha wa mkewe, aliowatupa porini yeye mwenyewe. Wao walikuwa na kosa gani?

Basi kumbe. Yule aliyesema Mzimu ukimtaka mwanawe yeye hatakuwa mwuaji, alikwisha kuwatupa wawili. Alipokuwa akimhukumu Okonkwo chini ya paa lake, yaelekea alijua. Hakumwambia. Fikirini mazungumzo yale yangekuwaje kama Obierika angesema: mimi pia nilitii, nami sijapata usingizi tangu hapo. Okonkwo angekuwa amepata alichokifuata, mtu mwingine aliyemo ndani ya shimo lilelile. Badala yake alipata mtu msafi aliyesimama ukingoni. Mwalimu wangu aliandika ubaoni kwamba Obierika ni mtu wa maswali, na ni kweli, ila maswali yake makubwa aliyauliza akiwa peke yake, moshi wa nyumba ya rafiki yake ukiwa bado unafuka.

Nisimkandamize mno. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa kipimo hicho Obierika anapita bila mjadala. Mwaka wa pili wa uhamisho anasafiri mpaka Mbanta na vijana wawili, kila mmoja amebeba mfuko mzito kichwani. Ni kauri, bei ya viazi vikuu vya Okonkwo. Ameviuza vile vikubwa, mbegu nyingine ameuza, nyingine amewapa walimaji wa nusu kwa nusu, na anaahidi kufanya hivyo kila mwaka mpaka mwenzake arudi. Hakuna aliyemwagiza. Kwa mikono na miguu yake Obierika hachelewi kamwe.

Akishaonyeshwa fedha hizo, Okonkwo anasema hajui amshukuru vipi. Obierika anamtania amwulie mtoto wake mmoja. Okonkwo anasema hiyo haitatosha. Basi ajiue mwenyewe, anasema Obierika. Okonkwo anatabasamu, anaomba radhi, anaahidi hatataja shukrani tena.

Msomaji wa mara ya kwanza anacheka nao. Msomaji wa mara ya pili anajua kwamba Okonkwo ameshamwua mtoto aliyemwita baba, na kwamba atakufa kwa mkono wake. Obierika hajui hili la pili. Hilo la kwanza analijua vizuri sana, na alilikemea kwa ukali miaka michache nyuma. Sasa limekuwa utani. Kuna watakaosema huo ni ushahidi kwamba wamesameheana. Mimi naona watu wawili waliokosa njia ya kulizungumza jambo, wakaona walau walicheke.

Wakati huohuo wakoloni wamefika. Obierika ndiye aliyeleta Mbanta habari ya Abame, mji ulioangamizwa siku ya soko kwa kulipiza kisasi cha Mzungu mmoja aliyefika na baiskeli akauawa. Okonkwo anarudi Umuofia baada ya miaka saba na kuuliza kwa nini watu hawapigani. Obierika anamjibu kwa huzuni kwamba ndugu zao wenyewe wamejiunga na mgeni, na kwamba mgeni ameshakata vile vitu vilivyowafunga pamoja, nao wakasambaratika. Maneno yanayobeba jina la riwaya nzima yamewekwa kinywani mwake. Ni uchambuzi wa kisiasa ambao sijui mhusika mwingine katika kitabu kile angeweza kuutoa. Na neno lake la kwanza katika uchambuzi huo ni kwamba wamechelewa.

Mwisho mnaujua. Okonkwo anamkata kichwa tarishi wa korti kwenye mkutano, watu wanawaacha matarishi wengine watoroke, naye anatambua kwamba Umuofia haitapigana. Mkuu wa Wilaya, ambaye wazee wetu wangemwita Bwana Shauri, anakuja na askari kumkamata. Obierika anawaongoza nyuma ya boma hadi kwenye mti ambako rafiki yake ananing'inia. Anawaomba wamshushe. Yeye hawezi kumgusa. Anayejiua amenajisi ardhi, na wageni tu ndio wanaoweza kumzika. Wakishamzika wageni, wenyeji watafanya kafara ya kuisafisha ardhi, kama walivyoisafisha kwa kulichoma boma lake. Kisha Obierika anamgeukia Mkuu wa Wilaya kwa hasira, anamwambia aliyekufa alikuwa miongoni mwa watu wakuu wa Umuofia na kwamba yeye ndiye aliyemsukuma kujiua. Sauti inamkatika. Tarishi mmoja anamfokea anyamaze, pasipo haja, maana ameshanyamaza.

Walimu wengi hufundisha kwamba hapo ndipo tunapoona ukubwa wa urafiki ule. Nakubali kwamba ni hotuba ya kishujaa. Lakini ni mara ya kwanza tunamsikia Obierika akimsifu Okonkwo kwa kinywa kipana, na aliyesifiwa hasikii, na anayeambiwa ni mtu anayewaza aya ya kitabu chake.

Hata hivyo kuna sehemu moja inayonizuia kufunga hesabu, na nimeiweka mwisho kwa makusudi kwa sababu inaniumiza kichwa. Ni safari ya pili ya Obierika kwenda Mbanta, karibu miaka miwili baada ya ile ya kauri. Safari hii kilichompeleka hakikuwa kauri. Alikuwa amemwona Nwoye kwa wamisionari kule Umuofia, akamuuliza hali ya baba yake, na kijana akajibu kwamba hajui, tena si baba yake. Obierika hakungoja amalize kuti. Alifunga safari, akaenda kumwona rafiki yake uso kwa uso, akiwa na jambo gumu kuliko yote: mtoto wako wa kwanza amekukana. Akafika, na Okonkwo hakutaka kulizungumza. Habari ya kilichotokea ilibidi Obierika aipate vipandevipande kwa mama yake Nwoye.

Kwa hiyo anayetaka kumtetea Obierika dhidi yangu asianzie kwenye mti, aanzie Mbanta. Pale alikuja kwa wakati, na mlango ulifungwa kutoka ndani. Pengine alikwisha kuujua mlango ule tangu zamani, tangu zile siku mbili za Ikemefuna, na ndiyo maana alibaki na makuti yake chini ya mchungwa. Sijashawishika, kwa sababu mtu aliyekuwa akirudi nyuma ya msafara na kugeuza uso panga lilipoinuliwa alikuwa bado hajaufunga kabisa. Lakini naona kuna watu humu wameshanyoosha mikono, na mmoja wao ni mwalimu anayewafundisha watoto wetu kitabu hiki kila mwaka, basi nimpishe aseme.